Vipande vya ngozi tusivichome, na msituambie ni vya bure

Mhariri habari za kazi, naomba kanafasi kwenye gazeti lako, hili jambo limenikaa rohoni tangu Krismasi iliyopita.

Mi nashona makobazi na mikanda hapa Moshi. Ukishakata nyayo na vijikanda vya juu linabaki rundo la vipande, vingine havizidi kidole gumba, zamani nilikuwa natia kwenye kiroba mtoto anaenda kuchoma nyuma ya nyumba na mafundi wengi huku mpaka leo ndo wanavyofanya. Harufu yake kama nywele zinaungua. Ila sio harufu tu, ngozi nyingi tunayonunua imetengenezwa kwa kromu, dawa ya madini ya kufanya ngozi isioze, na kromu ikiungua inaweza kugeuka ile aina yenye sumu kali, halafu sisi jivu tunamwaga wapi, si kwenye migomba!

Basi nikaanza kukata mapambo ya Krismasi, nyota, kengele, na jani la mgomba (hilo wazo la binti yangu na ndo linatoka kuliko yote). Desemba unajua Moshi inavyojaa, watu wanapanda toka Dar na familia nzima, kila nyumba ina tawi la saipresi sebuleni na hawana cha kutundika zaidi ya yale mang'aring'ari ya plastiki.

Fundi mwenzangu ukitaka kujaribu, kwanza angalia ubavu wa kipande. Ukiona katikati kama bluu-kijivu hiyo ni kromu, ukigonga alama haishiki, inarudi kama sponji, hiyo kata umbo tu ushone ukingo kwa uzi wa rangi. Ile ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama miwati ya kule Njombe, ni kahawia mpaka ndani, dondoshea tone la maji utaona inalinywa panakuwa peusi, iache inywee kidogo isiwe chapachapa ndo ugonge, alama haitoki. Mihuri ya dukani sina, natumia bisibisi ya nyota na kifuniko cha peni, mwisho napaka nta natia kamba ya katani.

Sasa kilichoniuma. Duka moja la zawadi hapa mjini lilichukua mapambo 60 mali kauli, tukakubaliana 1,500 kila moja. Januari naenda kudai naambiwa yameisha yote ila watanipa mia tano mia tano, eti "si mabaki tu hayo mama, kwani ulinunua?" Kwani nilinunua! Ngozi nanunua kwa futi, na hizo kona zimo humo humo kwenye futi nilizolipia, muuzaji hajawahi kunipunguzia hata shilingi kwa sababu kuna sehemu haitatoa kobazi. Na kila pambo linanila karibu nusu saa. Nikapokea 30,000 yao nikaondoka, shule zilikuwa zinafunguliwa ningefanyaje.

Mwaka huu mali kauli simpi mtu, anayetaka alipe kabla mzigo haujatoka kwangu. Kuanzia tarehe 15 Desemba natandika turubai langu mwenyewe jirani na stendi, na nyie mafundi wenye viroba msichome, nileteeni, nanunua kwa kilo.

Mshona makobazi,
Moshi