Wifi, mwanzishe kwa Kiswahili

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwenu hapo Dallas. Umeniuliza mtoto, ambaye unataka kumfundisha mwenyewe nyumbani, aanze kusoma kwa lugha gani, na kwa kuwa kina mama wengi wa kwetu huku wananiuliza hilohilo, nakujibu hadharani.

La sheria tulimalize kwanza. Texas inamtaka mtoto awe shuleni kuanzia miaka 6, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya jimbo mwaka 1994, shule ya nyumbani inahesabiwa kama shule binafsi. Unatakiwa umfundishe kwa dhati kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Ungekuwa Ujerumani, ambako shule ya nyumbani kwa kawaida hairuhusiwi, ningekuambia habari nyingine kabisa. Wako ana miaka mitano, muda unao.

Mwanzishe kwa Kiswahili. Bibi yake atafurahi, ndiyo, lakini sababu yangu ni kazi yenyewe ya kusoma. Mtoto anayeanza ana jambo moja zito la kuelewa: kwamba alama hizi zina sauti, na sauti zikiungana zinatoa neno analolijua. Kwa Kiswahili a ni a popote atakapoikuta. Kwa Kiingereza atakutana nayo kwenye cat, cake na father, na kila mahali inasomwa kivyake.

Wimbo wa ABC anaouimba uweke kando kwa sasa. Humo e inaitwa "ii" na i inaitwa "ai", kwa hiyo ukimwandikia embe atakusomea "imbi". Mfundishe sauti: a, e, i, o, u, kisha ba be bi bo bu, kama tulivyofundishwa sisi darasa la kwanza. Ukishampa a, i, u, b, m, k na d, tayari anasoma baba, mama, kaka, dada, bibi na babu. Herufi saba tu, na nusu ya ukoo anaisoma mwenyewe!

Kata boksi vipande vidogo, kila kimoja kiwe na silabi moja. Panga ma na li, asome mali. Kisha mwambie ageuze kwa mkono wake: lima. Kata inakuwa taka. Hapo ndipo utaona macho yanamtoka, kwa sababu ameshika kwa vidole kitu ambacho maelezo yako ya asubuhi nzima yasingempa.

Atakwama kwenye mb, nd, ng na wenzao, na ni haki yake. Mtu na mbuzi yote yanaanza na m, lakini kwenye mtu hiyo m ni silabi kamili, kwenye mbuzi imeshikana na b. Mpigishe makofi kabla hajaona maandishi: m-tu, mbu-zi. Halafu mletee mbu, ambaye naye ana makofi mawili, m-bu. Ng' ya ng'ombe iache mwishoni kabisa.

Akianza kubahatisha kwa kutazama picha, funika picha. Dakika kumi na tano kwa siku zinatosha, na ufunge kitabu angali anataka. Usiku msomee wewe hadithi ndefu kuliko uwezo wake. Kwenye tovuti ya African Storybook kuna hadithi za Kiswahili za bure, zichapishe. Na kaka yangu asikuachie kazi yote. Mtoto akimwona baba yake ameshika kitabu atajua kusoma si jambo la mama peke yake.

Kiingereza kianze pale atakaposoma sentensi nzima bila kuigonga silabi kwa silabi. Hatakuwa anaanza upya. Kuunganisha sauti anajua, b, d, m, s na t ni zilezile, sh na ch vilevile. Kilichobaki zaidi ni irabu, nawe mwambie waziwazi kwamba huko kila irabu ina sauti kadhaa. Msije mkamharakisha kwa kuwa jirani yenu wa miaka mitano anasoma tayari.

Vipande vya silabi vya wanangu ninavyo bado, navituma kwa posta Jumatatu. Vya nd na ny vimechanika, utaandika vingine.

Wifi yako,
Houston