Mzee akisahau, tusikimbilie kuilaumu damu

Mhariri,

Mzee akianza kupotea njia ya shambani, nyumbani husemwa kwamba ukoo wao ndivyo walivyo, hata baba yake alizeeka hivyo hivyo. Wengine hutaja uchawi. Siku hizi waliosoma hutaja jeni, yaani chembe za urithi tunazopewa na wazazi. Wote huishia pamoja: mzee anaachwa barazani bila kupimwa.

Kurithi kupo, ila kuna namna mbili, na kuzichanganya ndiko kunakotia watoto hofu ya bure. Namna ya kwanza ni ya jeni moja iliyoharibika. Kwa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu polepole, zinajulikana tatu, kila moja kwenye kromosomu yake (uzi unaobeba jeni): APP kwenye kromosomu ya 21, PSEN1 kwenye ya 14 na PSEN2 kwenye ya 1. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuipata, na aliyeipata kwa kawaida huugua kabla ya miaka 65, pengine akiwa na arobaini na kitu. Familia za aina hiyo ni nadra mno. Hazitoi hata mgonjwa 1 kati ya 100 wa Alzheimer. Bibi aliyeanza kusahau akiwa na miaka 82 hayumo humo.

Namna ya pili ni jeni ya APOE, iliyo kwenye kromosomu ya 19. Hii kila mtu anayo, nakala moja ya baba na moja ya mama, na kazi yake ni kutengeneza protini inayobeba mafuta mwilini na ubongoni. Ina sura tatu: e2, e3 na e4. Tangu 1993 inajulikana kwamba e4 huongeza hatari. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, nakala moja huiongeza karibu mara 3, nakala mbili mara 8 hadi 12. Lakini hatari si ugonjwa: wapo wenye e4 wanaofika miaka 90 na akili timamu, na wapo wasio nayo wanaougua.

Tena namba hizo hazitufai kama zilivyo. Watafiti waliwalinganisha wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, wote wa miaka 65 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa 2001 yalionyesha kuwa kila mwaka Wayoruba 1.35 kati ya 100 walipata dimenshia, yaani akili na kumbukumbu kudhoofika mpaka shughuli za kila siku zinamshinda mtu. Indianapolis walikuwa 3.24. Na huko Ibadan e4 ilionekana kuwa na nguvu ndogo kuliko Marekani. Kwa hiyo anayelipia kipimo cha jeni mtandaoni huenda akatishwa na hesabu za watu wengine. Kwa mzee aliyekwisha kuanza kusahau, jibu la APOE halibadilishi matunzo anayopata hapa Uganda. Lina maana kwa anayeanzishiwa dawa mpya ya Alzheimer kama lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, kwa kuwa wenye e4 mbili huvimba au kuvuja damu ubongoni zaidi wakiitumia.

Historia ya ukoo bado ina kazi. Andikeni kwenye karatasi nani aliugua, alianza na miaka mingapi, na ilianzaje: polepole kwa miaka, au kwa vishindo baada ya kiharusi. Wakipatikana kadhaa, kizazi baada ya kizazi, walioanza kabla ya 65, hapo ndipo pa kumwona daktari wa neva. Watoto wadogo wasipimwe.

Kilichobaki, ambacho ndicho kikubwa, hakimo kwenye jeni. Mzee aliyechanganyikiwa kwa siku mbili tatu tu si wa dimenshia mpaka malaria, maambukizi ya mkojo na sukari vipimwe kwanza. Aliyesahau kwa miezi apimwe VVU, kaswende, tezi ya shingo, upungufu wa damu na vitamini B12, hasa kama anatumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, maana dawa hiyo hupunguza B12. Muulizeni pia kama alianguka wiki zilizopita: damu inayojikusanya taratibu juu ya ubongo hufanana sana na uzee, na hutolewa kwa upasuaji.

Presha ipimwe mzee akiwa ameketi dakika 5 bila kuongea, mkono ukiwa usawa wa moyo, mara mbili, na irudiwe siku nyingine. Ikisimama 140/90 au zaidi, itibiwe. Masikio yachunguzwe, wako wanaoitwa wasahaulifu kumbe hawakusikia walichoambiwa. Na asiyewahi kukaa darasani asihukumiwe kwa kushindwa kutaja tarehe au kuhesabu kinyumenyume. Ulizeni kama bado anajua chenji yake sokoni, na kama matoke anayopika kila siku yameanza kuungua jikoni.

Mkienda kliniki bebeni dawa zake zote, hata za dukani, kwenye mfuko mmoja. Piriton ya mafua, amitriptyline ya usingizi na benzhexol inayotolewa pamoja na dawa za magonjwa ya akili huvuruga kumbukumbu za wazee, na mara nyingi aliyeandika moja hajui kuhusu nyingine. Msizikatishe wenyewe ghafla. Mwonyesheni daktari mfuko mzima aamue ipi iondolewe kwanza.

Mhudumu wa afya ya wazee,
Mbarara