Minki wawili, jina moja

Ndugu Mhariri,

Naomba kila habari inayomtaja kicheche au ndugu zake wa familia ya Mustelidae itaje pia jina la kisayansi la mnyama huyo, walau mara moja.

Kicheche ni jina la wanyama kadhaa. Yupo Ictonyx striatus, mweusi mwenye milia myeupe mgongoni, anayejihami kwa uvundo. Yupo Poecilogale albinucha, mwembamba, mwenye miguu mifupi na utosi mweupe, anayewafuata panya hadi ndani ya mashimo yao. Wafasiri wa habari za Ulaya wakamwongeza Mustela nivalis, asiye na asili ya kusini mwa Sahara. Wengine humwita huyo nguchiro, na hapo kosa linazidi, maana nguchiro yuko upande wa paka na fisi, ilhali vicheche wako upande wa mbwa na dubu.

Fisi maji naye si fisi. Ukoo wake ni mmoja na nyegere. Sisemi jina hilo lifutwe. Limezoeleka na ni zuri. Ila fisi maji wako wengi: Aonyx capensis si yule mwenye madoa shingoni, Hydrictis maculicollis.

Linaloniuma zaidi ni suala la minki, mnyama mwingine wa familia hiyo. Mwishoni mwa 2020 Denmark iliua minki zaidi ya milioni 15 waliokuwa wakifugwa kwa ajili ya manyoya, kwa hofu ya virusi vya korona. Msomaji wa habari hiyo, akikutana kwingine na taarifa kwamba minki wa Ulaya yuko hatarini mno kutoweka, atadhani ni mnyama yuleyule. Sivyo. Aliyefugwa ni Neogale vison, mwenye asili ya Amerika Kaskazini. Anayetoweka ni Mustela lutreola, ambaye kinasaba yuko karibu zaidi na Mustela nivalis kuliko na huyo mwenzake wa jina. Tena minki wa Amerika waliotoroka mazizini ni miongoni mwa sababu za kumaliza wale wa Ulaya, kwa kuwanyang'anya makazi na chakula. Habari ikiandika "minki" tu, mharibifu na mwathirika wanakuwa kitu kimoja, na hakuna atakayeelewa kwa nini huyu anategwa na yule analindwa.

Najua hoja itakayotolewa: majina ya kisayansi nayo hubadilika. Ni kweli. Mwaka 1758 Linnaeus, mwasisi wa mfumo huu wa majina, alimweka fisi maji wa Ulaya katika jenasi (neno la kwanza la jina la kisayansi) Mustela. Leo ni Lutra lutra. Minki wa Amerika alianza kuwa Mustela vison, akawa Neovison vison, na mwaka 2021 akahamishiwa Neogale. Lakini tazama neno la pili: vison limebaki tangu 1777. Jenasi hubadilika utafiti unapofichua udugu mpya, bali neno la spishi kwa kawaida humfuata mnyama wake kokote aendako, kwa hiyo makala ya zamani na ya leo zinaweza kuunganishwa. Jina la kawaida peke yake halitupi njia hiyo.

Nafasi inayohitajika ni maneno mawili ya mlazo, mara ya kwanza mnyama anapotajwa. Mtafsiri akikosa jina la Kiswahili, aliandike la kisayansi peke yake kuliko kumvika mnyama jina la nguchiro.

Msomaji wenu