Shukrani kwa mzee wa Msimbati

Shikamoo mzee wangu, popote ulipo. Mimi ni yule mama wa gari jeupe lililozama mchangani Jumamosi.

Baba watoto alikuja Mtwara kuzamia na mitungi ya hewa kwenye matumbawe ya Ghuba ya Mnazi, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000. Wanangu wawili bado wadogo kwa mitungi, kwa hiyo siku zetu zilikuwa za matembezi. Mikindani tuliliona boma la Wajerumani la 1895, wakapanda na kushuka ngazi mpaka wakachoka. Siku ya ufukwe wa Msimbati ndiyo iliyonishinda.

Niliiacha njia iliyoshindiliwa, nikadhani mchanga ule umeshikamana. Gari likakaa kwa tumbo. Maji yalikuwa yameanza kujaa, mdogo analia, simu haishiki mtandao. Ukatokea na mjukuu wako, hukuuliza hata natoka wapi. Ulichukua kijiti, ukakibana kwenye pua ya tairi, pale pa kujazia upepo, upepo ukatoka fyuuu, tairi moja baada ya jingine, ili yatanuke yasizame mchangani. Mkachimba kwa mikono, mkatandika makuti mbele ya magurudumu. "Taratibu mwanangu, usikanyage mafuta kwa hasira." Likatoka.

Nilipokupa fedha ulirudisha mkono nyuma, ukawaangulia wanangu madafu. Mdogo bado anahifadhi kile kijiko cha kifuu ulichomchongea cha kulia nazi.

Ahsante sana, mzee. Salamu kwa mjukuu wako, mwambie mikono yake midogo ilichimba kuliko yangu.