Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Milimita Nne na Nusu

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu, cha Waswahili tunaoishi Ayalandi na kuunda treni ndogo za mfano, inamtaka mwenyekiti asome taarifa isiyozidi dakika kumi. Mwaka jana nilikwenda ishirini na tano na chai ikapoa, kwa hiyo leo nitajitahidi. Mapato na matumizi atayaeleza mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba kodi ya ukumbi imepanda na ada haijapanda, na wawili hao hawawezi kuendelea kuishi nyumba moja. Wanachama wapya ni watatu, karibuni sana. Mmoja wao aliniuliza siku ya kwanza kwa nini Waswahili wazima na akili zao wanakutana kila Jumamosi kuunda vitreni vya Ayalandi badala ya vya kwao. Nilimjibu kwamba hizi ndizo tunazopanda kwenda kazini.

Suala lililotula mwaka huu mnalijua. Kwa faida ya wageni nilieleze tangu mwanzo.

Reli kuu za Ayalandi zina upana wa milimita 1600. Si 1435 kama za Uingereza au SGR ya nyumbani, wala si ile mita moja tuliyoachiwa na wakoloni. Upana huu ni mtoto wa ugomvi. Njia ya kwanza, Dublin hadi Kingstown, ambayo leo ni Dún Laoghaire, ilifunguliwa Desemba 1834 kwa upana wa Kiingereza. Watu wa Ulster, kule kaskazini, wakajenga ya kwao kwa futi sita na inchi mbili. Wengine nao wakaja na vipimo vyao, hadi sheria ya 1846 ikawaamulia wote futi tano na inchi tatu, kipimo ambacho Dublin hawakuwa nacho na Ulster hawakuwa nacho. Ukitoka hapa, utaukuta tena Brazili na Australia.

Sisi tunaunda kwa kipimo cha milimita 4 kwa kila futi, yaani moja kwa sabini na sita. Kwa hesabu hiyo reli ya Ayalandi inapaswa kuwa na upana wa milimita 21. Reli inayouzwa dukani ina 16.5. Ukiikuza kurudi kwenye ukubwa wa kweli, hiyo 16.5 inakuwa sentimita 125 na ushei, zaidi ya sentimita 34 pungufu. Ukiitazama treni ubavuni huoni tatizo. Inama uitazame usoni: ni mtu mnene juu ya baiskeli ya mtoto.

Wenzetu wa reli nyembamba hawana ugonjwa huu. Donegal, West Clare, Tralee na Dingle zote zilikuwa futi tatu, na futi tatu kwa kipimo chetu ni milimita 12 kamili, reli unayoinunua ikiwa tayari kwenye boksi. Wamekaa kona yao mwaka mzima wakitucheka, na biskuti wanakula zetu.

Basi Januari kambi mbili zikaundwa. Kambi ya ishirini na moja ilisema kwamba kama hatutaki vipimo sahihi, tukanunue midoli. Kambi ya kumi na sita na nusu ilisema kwamba 21 maana yake ni kutandika reli yote kwa mkono, taruma kwa taruma (vile vipande vya kukingama chini ya reli), na kubadilisha ekseli za kila behewa, na sisi wengine tunafanya kazi za zamu. Katibu aliandika kumbukumbu za vikao vitatu mfululizo zenye ajenda moja.

Safari yetu ya Malahide, kaskazini mwa Dublin, niliipanga nikidhani itapoza mioyo. (Nyumba ya makumbusho inaitwa Casino. Mweka hazina alipoona nauli imeandikwa “safari ya Casino” alinipigia simu usiku.) Pale ndipo ilipo kazi ya Cyril Fry, aliyekuwa akifanya kazi kwenye karakana ya reli ya Inchicore mchana, na jioni akirudi nyumbani kuunda mifano ya vichwa na mabehewa ya Ayalandi, mkewe Patricia akimsaidia. Mkusanyiko huo ulikaa Malahide Castle kwa miaka mingi, na Casino imefunguliwa tangu 2020. Nilisimama mbele ya kabati lile muda mrefu kuliko nilivyopanga. Fry alitumia kipimo kikubwa kuliko chetu, ambacho kwacho upana sahihi wa Kiayalandi ungekaribia milimita 37, lakini reli zake ni 32. Mtu wa Inchicore! Kambi ya kumi na sita na nusu ikapiga makofi ndani ya makumbusho. Hakuna moyo uliopoa.

Tukafikia muafaka Machi: meza kubwa inabaki 16.5, na ubao mmoja wa mita moja na nusu unajengwa kwa 21, kama jaribio. Fundi wetu aliufanya peke yake. Alikata mataruma kutoka kwenye vipande vyenye ngozi ya shaba, akakwangua shaba katikati ya kila kimoja ili reli mbili zisikutane na kupiga shoti, akalehemu reli ya kwanza, kisha ya pili akiwa na kipande cha bati alichokichonga mwenyewe kupimia upana kila baada ya mataruma mawili. Mkono wake ulinuka dawa ya kulehemu hadi Pasaka. Behewa la kwanza lilipopita juu yake kila mtu alinyamaza, hata watu wa Donegal.

Hapa naomba radhi mbele ya mkutano. Ubao ule niliuhifadhi mimi, kwangu, na niliuegemeza ukutani karibu na hita. Plaiwudi ilipinda kama ngozi inayoanikwa juani. Fundi ameshanisamehe, ila amebadilisha kufuli la kabati, na ufunguo hajanipa.

Yaliyobaki niyapitie haraka. Vichwa viwili vya treni vya aina ya 121 vimekamilika kwa rangi yao ya mwanzo, kijivu na njano, kama vilivyofika kutoka Marekani 1961. Kichwa cha aina ya A kimepakwa rangi ya fedha ya 1955, halafu kikachafuliwa kwa makusudi: rangi nyeusi iliyochanganywa na kahawia, nyepesi kama chai ya mkandaa, ikafutwa kwenda chini kwa vijiti vya masikio. Vichwa hivyo vilikuwa na injini za Crossley zenye moshi mwingi, na fedha ile haikukaa safi. Ombi la mwanachama kutoka Voi la kujenga daraja la Tsavo, kwa hoja kwamba J. H. Patterson aliyelisimamia alizaliwa Ayalandi, lilisikilizwa kwa heshima na halikupita.

Siku ya wazi sasa, ile tunayokaribisha watu waje kuona. Meza yetu kubwa, kwa wasioifahamu, ni Limerick Junction mwanzoni mwa miaka ya 60, stesheni ambayo haipo Limerick bali Tipperary, pale njia ya Dublin kwenda Cork inapokatana na ile ya Limerick kwenda Waterford. Kibao cha jina tulikiandika kwa lugha mbili, Kiayalandi juu: Gabhal Luimneach. Binti wa mweka hazina, miaka kumi, akasema tumekosea. Shuleni amefundishwa kwamba jina likimilikiwa linabadilika mkia, kwa hiyo ni Gabhal Luimnigh. Alikuwa sahihi. Watu wazima kumi na wanne, na hakuna aliyelijua hilo.

Saa nane akaja mama mmoja mzee, akajitambulisha kwamba alipokuwa msichana alipanda treni hiyo kwenda shule ya bweni. Nikajiandaa kuulizwa kuhusu upana wa reli. Aliangalia treni yetu ya Dublin ikiingia moja kwa moja hadi kwenye jukwaa na kusimama vizuri, akaniuliza, “Mbona haikurudi nyuma?”

Ndugu wanachama, nilijua. Sote tunajua. Kabla ya njia kupangwa upya 1967, treni iliyotaka kusimama Limerick Junction ilipita stesheni, ikasimama, kisha ikarudi kinyumenyume hadi jukwaani. Ndicho kituko kilichoipa stesheni ile jina kote nchini. Tumegombea milimita nne na nusu miezi kumi na mbili, na treni zetu zimekuwa zikiingia vibaya tangu siku tuliyotandika reli, kwa sababu hatukuweka ile njia ya kurudia. Mama alisubiri kidogo, labda alidhani tutairudisha, kisha akaenda kunywa chai.

Kwa hiyo kamati imeamua, na naomba mkutano uridhie: Jumamosi ijayo tunang'oa kokoto na reli upande wa Dublin wa meza, mita moja na robo, tuweke njia ya kurudia. Kokoto zimegandishwa kwa gundi nyeupe, zitalainika kwa maji ya moto. Kila mmoja aje na kisu butu na mswaki mkuukuu. Upana unabaki 16.5, na hilo halifunguliwi tena kwenye mengineyo.