Xbox 360 imekufa draivu baada ya kuflashi? Usiitupe bodi yake

Kijana mmoja alituletea sisi mafundi mashine yake ya gemu, Xbox 360, ikiwa imeshafunguliwa, skrubu zake zote ziko kwenye kikopo cha mtindi. Alikuwa akiflashi draivu ya diski, yaani kuibadilisha programu dhibiti inayoiendesha kwa ndani, nyumbani kwao usiku, anafuata video. Kompyuta aliichomeka kwenye UPS, betri ya akiba ya umeme ukikatika, akajiona kajipanga. Tatizo ni kwamba draivu ya 360 haili umeme wa kompyuta. Plagi yake ni ya aina yake, inalishwa na Xbox yenyewe, na Xbox alikuwa ameichomeka ukutani. Umeme ukakatika wakati programu dhibiti inaandikwa. Kompyuta ikabaki inawaka, draivu ikazimika ikiwa na nusu ya programu. Uliporudi, trei haifunguki na kompyuta haioni kitu.

Kazi za namna hii bado tunazipata, ingawa Microsoft waliacha kutengeneza 360 tangu 2016. Tena tangu tarehe 29 Julai 2024, walipofunga duka la mtandaoni la mashine hiyo, asiye na gemu alizonunua zamani kwenye duka hilo anategemea diski. Draivu ikifa, mashine nayo imebaki ya kuangalia tu.

Jambo la kwanza tunalomwambia mteja ni hili: lenzi inauzwa, mota inauzwa, hata draivu nzima ya mtumba utaipata. Kisichouzwa popote ni ufunguo wako. Kila draivu ya 360 ina ufunguo wa baiti 16 ulioandikwa ndani ya programu yake dhibiti, na ufunguo huohuo umo kwenye bodi kuu ya mashine. Ukiingiza diski ya gemu, pande mbili hizo zinaulizana. Majibu yasipofanana, gemu halichezi.

Ndiyo maana tunakutana na watu waliokwishapoteza hela mara mbili. Draivu imegoma, mtu ananunua nyingine iliyong'olewa kwenye Xbox ya mtu, anachomeka, anaweka sinema, inacheza. Anafurahi. Anaweka gemu, kioo kinaandika "Play DVD" kana kwamba aliyoweka ni diski ya harusi. Au mashine inagoma kabisa na kutoa E66, yaani draivu iliyopo siyo inayotarajiwa. Anarudi kwa muuzaji kugombana, na muuzaji wa watu hana kosa, draivu ni nzima. Katika hali hiyo, kama draivu mbili ni za modeli moja, tunahamisha bodi ya draivu ya zamani, yenye ufunguo, kwenye umbo la ile aliyonunua, na gemu zinarudi. Lakini bodi ya zamani iko wapi? "Nilitupa, fundi." Hapo kazi ya nusu saa imegeuka kazi ya siku mbili.

Turudi kwa kijana wetu. Draivu yake ilikuwa BenQ. Hizi, pamoja na za Samsung na Lite-On, zinaendeshwa na chipu ya MediaTek. Za Hitachi ni ukoo mwingine kabisa na njia zake ni nyingine. Chipu ya MediaTek ikiwashwa inakimbilia kwenye chipu ya kumbukumbu kusoma programu. Ikikuta programu kamili, inafanya kazi. Ikikuta nusu, inaanza kuifuata, inafika pale palipokatika na kuganda hapohapo. Kompyuta ikiita, hakuna wa kuitika. Cha kuchekesha ni kwamba nusu programu ni mbaya kuliko kukosa programu kabisa, kwa sababu chipu isipokuta kitu inatulia na kusubiri maelekezo.

Basi tunaidanganya. Tunainua mguu mmoja wa chipu ya kumbukumbu, ule unaopitisha umeme wa volti 3.3, na kuuwekea swichi ndogo katikati. Swichi ikiwa imezimwa tunawasha draivu. MediaTek inatafuta programu, haioni, inasubiri. Hapo tunawasha swichi, kumbukumbu inaamka, na kompyuta inatuma amri ya kuingia hali ya kiwandani. Ikiitika, tumeshapata mlango: tunafuta, tunaandika upya, tunasoma tena kuhakiki, tunarudisha mguu mahali pake. Mguu wenyewe ni mwembamba kama unywele na ukiukunja mara mbili tatu unakatika, kwa hiyo tafadhali usijaribu kwa pasi ile ya kulehemu sufuria. Kompyuta tunayotumia ni kongwe, ya Windows XP, ina kadi ya SATA, ya kuunganishia draivu, yenye chipu ya VIA VT6421. Wateja wanaicheka. Kadi hiyo inaelewana na draivu hizi kuliko kompyuta zetu zote mpya.

Mlango ulifunguka. Ila tuandike nini? Programu ya asili ya BenQ ipo, lakini bila ufunguo wa mashine yake ni bure. Tukamuuliza kama alihifadhi nakala kabla ya kuflashi. Akasema ndiyo, na faili lilikuwepo kwenye flashi yake, ukubwa sahihi, baiti 262,144. Tulipolifungua, sehemu kubwa ilikuwa FF FF FF mwanzo mpaka mwisho wa ukurasa. Hiyo ni kumbukumbu iliyofutwa. Tukagundua alichofanya: baada ya umeme kurudi alihangaika mpaka draivu ikaitika mara moja, akabonyeza kusoma tena, kompyuta ikamuuliza kama afute faili la zamani, akakubali. Akafunika nakala nzima kwa nakala mbovu kwa mkono wake.

Kilichomwokoa ni uoga. Kabla ya kuandika chochote, alikuwa amemtumia rafiki yake lile faili la kwanza kwa WhatsApp na kumuuliza, "Oya, hii iko sawa?" Rafiki hakuwahi hata kujibu. Faili lilikuwa bado limekaa kwenye maongezi yao. Jioni ile gemu likacheza.

Kama faili halipo kabisa, bado kuna njia, ila ni ndefu. Tunasoma kumbukumbu ya bodi kuu, ambako ufunguo umefichwa ndani ya fumbo linalofunguliwa kwa namba ya siri ya prosesa. Namba hiyo zamani ilipatikana kwa kulehemu waya na chipu ya RGH, inayoilaghai mashine wakati wa kuwaka. Tangu 2025 kuna njia ya programu tupu, Bad Update, inayoweza kuanzia kwenye flashi bila kuhitaji diski. Inachosha, wakati mwingine inagoma mara kumi kabla ya kukubali, na bei yake haiwezi kulingana na ile ya kurudisha faili.

Tunarudisha programu ya asili tu. Wengi waliflashi ili wacheze diski za kunakili, na Microsoft walifungia mashine nyingi kwenye Xbox Live, huduma yao ya kucheza mtandaoni, kwa ajili hiyo. Kazi hiyo hatuifanyi, hata ukiongeza hela.

Ukija, leta mashine yenyewe, siyo draivu peke yake. Leta bodi ya zamani hata kama imeungua. Leta flashi, na usifute kitu kwenye kompyuta uliyotumia. Angalia pia kwenye WhatsApp na barua pepe yako faili linaloishia na .bin. Na kama draivu bado inaitika kidogo, usibonyeze tena kusoma wala kuandika. Chomoa, uiache hivyohivyo mpaka uifikishe kwetu. Kukagua kunalipiwa. Ufunguo usipopatikana, hela ya kazi hatuchukui.