Kozi za bure mtandaoni zinataka ukumbi na mwalimu

Mhariri,

Siku hizi hapapiti mkutano wa vijana hapa Kisauni bila mgeni rasmi kuwahimiza wakasome mtandaoni, eti kozi ni bure. Mimi nina saiba karibu na steji ya Mlaleo, na vijana hao wakitoka mkutanoni huja kwangu niwaandikishe. Naomba nafasi nieleze kinachofuata baada ya makofi.

Mwanzoni viti havitoshi. Kuna kibarua mmoja wa bandarini, akitoka zamu ya usiku huja na mahamri yake kwenye karatasi, akafungua somo la kompyuta la chuo kimoja cha Marekani. Mhadhiri anamwaga Kiingereza kama kondakta anayeita abiria. Kijana anairudisha video nyuma, anairudisha tena, bando linakwisha. Akikwama hana wa kumuuliza ila mimi, na ujuzi wangu mimi ni kuchapa barua na kujaza fomu za ushuru. Alipoufikia mtihani akaukuta umefungwa mpaka alipe, tena kwa dola. Hajarudi.

Wapo wanaosema vijana wetu ni wavivu. Basi mwaka 2012, chuo kikuu cha MIT cha Marekani kilipofungua kozi yake ya bure ya saketi za umeme kupitia MITx, jukwaa lake la masomo ya mtandaoni lililokuja kuwa edX, walijiandikisha watu wapatao 155,000 kutoka pande zote za dunia. Waliofaulu walikuwa kama 7,000. Nao pia walikuwa wavivu?

Katika kozi hiyo hiyo, mvulana wa miaka 15 wa Ulaanbaatar, Mongolia, Battushig Myanganbayar, alipata alama zote, na baadaye MIT ikampa nafasi ya kusoma. Kisa hiki hupendwa sana na wageni rasmi. Wasichokitaja ni kwamba mwalimu mkuu wake, aliyesoma MIT mwenyewe, aliwakusanya wanafunzi darasani waifuate kozi pamoja, na akaja mwanafunzi wa uzamifu kutoka Stanford na vifaa vya majaribio, akawafundisha ana kwa ana. Kipaji mtoto anacho, hilo halina ubishi. Lakini alikuwa na watu.

Sisi kumbi tunazo. Wikendi hukodishwa kwa harusi, siku nyingine zinalindwa na kufuli. Kaunti izifungue jioni, itie intaneti, imlipe posho mwalimu mmoja wa kompyuta akae na vijana wanaosoma kozi moja, wafafanuliane kwa Kiswahili chao. Na basari ya wadi, inayolipia karo za shule, imlipie pia ada ya cheti kijana aliyeyamaliza masomo yote.

Wateja wangu wa jioni watapungua, najua. Barua za kuchapa zitabaki.

Mwenye saiba,
Kisauni, Mombasa